Maziwa ya Land Cruiser

Nawoitorong, Lodwar
9 Machi 1996

Bwana Majok,

Ejok. Salamu zangu zimepanda lori pamoja na gari lenyewe, kwa hiyo ukiisoma barua hii najua umeshalizunguka na kuyapiga teke magurudumu, maana ninyi mafundi ndivyo mlivyo.

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni yule nesi wa hospitali ya Lodwar aliyemhudumia mke wako Akon mwaka juzi, alipoletwa kutoka kambini Kakuma. Siku mliyoruhusiwa mlinikuta nje nikilitukana gari langu kwa Kinandi, nikidhani hakuna anayeelewa. Ulisimama pembeni ukasikiliza stata ikilia, halafu ukaniambia, "Sista, usimtukane, ana kiu tu." Ukafungua mpira wa dizeli, ukavuta hewa kwa mdomo, ukatema, na gari likawaka. Tangu siku hiyo nilijua nani atalitibu likilala kabisa.

Sasa limelala. Liko juu ya mawe nyuma ya nyumba yangu tangu mwaka jana, na kuku wanataga ndani. Mafundi wa hapa mjini wamekuja mmoja mmoja, kila mmoja akafungua kitu, akaenda zake na kitu. Ndiyo maana nimemwomba Wekesa alipakie kwenye lori lake la mahindi. Wekesa utamjua tu, ni yule Mbukusu mnene anayecheka kabla hajasema. Barua zetu atazibeba yeye.

Nataka ujue umeletewa nini. Gari hili lilifika Lodwar likiwa jipya mwaka wa sabini na sita, Toyota Land Cruiser ya dizeli, silinda sita, rangi ya uji. Lilikuwa la kliniki ya kutembea. Mimi nilikuwa nesi, na dereva alikuwa Mturkana aitwaye Emuron. Tulikwenda nalo Lorugum, tukaenda nalo Lokitaung, na kule ambako hakuna hata jina la kuandika kwenye kitabu cha safari. Gari tulilokuwa nalo kabla yake Emuron alikuwa akiliita mgeni, kwa sababu kila siku lilitaka kuhudumiwa. Hili aliliita mwenyeji. Ofisi ilipolichoka mwaka wa tisini wakalipeleka mnadani, nami nikalinunua. Watu walinicheka sana. Mwanamke asiye na mume ananunua gari la serikali lililokufa, ya nini?

Nitakuambia ya nini. Mwisho wa mwaka kesho nastaafu, narudi kwetu Kabiyet. Sikuolewa, sikuzaa, nyumba sijajenga. Kaka yangu huwaambia watu kwamba Turkana imenila na itatema mifupa. Nataka nifike nyumbani nimeshika usukani wa gari langu mwenyewe. Sitaki kushuka kwenye basi na masanduku nikasimama kando ya barabara nikisubiri kuhurumiwa. Hilo ndilo ninalolitaka katika dunia hii, na liko mikononi mwako.

Kibuyu kilicho kwenye kiti cha mbele ni mursik, maziwa yetu ya kulala. Ni cha Akon. Nimesikia amejifungua tena.

Ni mimi,
Jerotich


Kakuma
2 Aprili 1996

Kwa Sista Jerotich,

Nakusalimu, na Akon anakusalimu, na watoto. Gari imefika salama. Kuku mmoja alikuwa ndani, ametaga njiani, Wekesa amekula yai. Kuku tumeweka, utasema kama unamtaka.

Kiswahili yangu ni ya barabara, niliokota kwa madereva wa Mombasa waliokuwa wanaleta mizigo Juba. Ukiona mahali imevunjika, wewe tengeneza kichwani kwako, kama mimi natengeneza gari yako.

Sista, Wekesa alipofungua turubai mimi nilikaa chini. Ndiyo, kwa mavumbi, mbele ya watu. Mimi niliendesha gari kama hii miaka mingi kwetu Bor, kwa mradi wa visima. Hata rangi ni hiyo moja. Udongo ya kwetu ni mweusi, mvua ikinyesha inashika mguu mpaka kiatu inabaki. Magari mengine tuliacha porini mpaka kiangazi. Hii tulitia gia ndogo, tukangoja, na yeye akatoka polepole, hana hasira. Mwaka wa tisini na moja vita ilipofika Bor tulikimbia nayo mpaka mafuta ikaisha. Nilifunga vioo vyote, nikafuta kiti kwa shati yangu, kama mtu anayerudi kesho. Mpaka leo najiuliza nani alifungua huo mlango baada yangu.

Pale Bor kulikuwa na injinia Mjapani, mzee Nakagawa, mtu mfupi anakula samaki na kichwa yake. Jioni alinipa hadithi ya hiyo kampuni. Alisema mwanzo hawakuwa watu wa magari. Kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa seremala, anaitwa Toyoda. Aliona mama yake anafuma nguo kwa mikono, siku nzima, mgongo inauma. Akatengeneza mashine ya kufuma. Baada ya miaka akatengeneza ingine, hiyo uzi mmoja tu ikikatika mashine inasimama yenyewe, haiendelei kuharibu kitambaa. Waingereza wakanunua haki ya hiyo mashine, na mtoto wake, ambaye alikuwa na wazimu ya magari, akaanza kutengeneza injini. Kwa hiyo hii gari yako, Sista, ni mjukuu wa mama mmoja aliyeumwa mgongo. Mimi nikipanda naona hivyo.

Ugonjwa wake ni gasketi ya silinda hedi, maji imeingia kwa oili. Na mafundi wako wa Lodwar wameiba nozo mbili. Malesh, pole, itachukua muda, lakini hafi.

Akon amekunywa mursik akasema ni kama ya mama yake. Nimeelewa ulichofanya, Sista. Umeleta ng'ombe pamoja na kibuyu chake. Mimi ni mtoto wa mtu aliyefuga, huhitaji kunieleza zaidi. Nitamlisha vizuri.

Ni mimi,
Majok


Nawoitorong, Lodwar
16 Juni 1996

Bwana Majok,

Kuku ni wenu, mchinjeni.

Hadithi yako ya mashine ya kufuma nimewasomea manesi wodini na hawakuamini. Mmoja aliniuliza kama sasa wakitengeneza ndege tutaambiwa walianza na vikapu. Lakini mimi nimeamini, kwa sababu ninakumbuka kitu. Lile gari lilipofika lilikuwa na karatasi za rangi za muuzaji wa Nairobi, na ndani kulikuwa na picha ya kiwanda, wafanyakazi wamevaa kofia nyeupe. Muuzaji alituambia kwamba mji ule ulikuwa na jina lake la zamani, Koromo, na watu walipoona kila nyumba inakula kutoka kiwandani wakaubadilisha, wakauita kwa jina la gari. Emuron aliniomba nimsomee mara ya pili. Halafu akasema hao ni watu wa kweli, maana hata kwa Waturkana mtu huitwa kwa jina la dume lake la ng'ombe.

Emuron hakwenda shule. Lakini alikuwa na uwezo wa kusikia injini ikibadilika sauti kabla sisi hatujasikia chochote, akasimama, akashuka, akalala chini ya gari huku akiongea nalo. Mwaka wa themanini, tukikaribia Lokitaung, tulikuta laga, ule mto wa msimu, imejaa, maji mekundu, magogo yanapita. Nilikuwa na chanjo kwenye barafu na barafu inayeyuka. Akavua mkanda wa feni, akafunika injini kwa gunia, akatutazama sisi wa nyuma akasema, "Msiombe kwa sauti, mtalichanganya." Tulivuka maji yakiingia mlangoni. Ng'ambo alizima gari, akashuka, akaweka mkono juu ya boneti kama mtu anayemshika mtoto kichwani. Watoto wa kule walichanjwa siku hiyo hiyo.

Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Tulikuwa njia ya Lorugum, akasimamisha, akashuka, akaja upande wangu akafungua mlango na kuushika wazi mpaka nikahamia kwenye usukani. Alifariki mwaka wa themanini na tisa kwa ugonjwa wa ini, na mimi nilikuwa zamu.

Sasa sikiliza. Nimehamishiwa Lokitaung mpaka Oktoba mwakani. Gari likipona kabla sijarudi, kaa nalo huko huko. Nikiliacha hapa Nawoitorong bila mtu wataondoka hata na usukani. Wewe kaa nalo tu mpaka nitume neno.

Msalimie Akon.

Jerotich


Kakuma
22 Septemba 1996

Kwa Sista Jerotich,

Natuma hii kwa Lodwar, natumaini watakupelekea Lokitaung.

Gari imepona. Gasketi imetoka Kitale, nozo nimepata kwa Msomali mmoja hapa sokoni anayeuza vyuma kama mtu anauza dhahabu. Nilipowasha, majirani wote wametoka. Kulikuwa na Mkongo, fundi wa cherehani, akasikiliza, akasema hiyo ni wimbo wa Bukavu. Mzee wa Ethiopia akasema hapana, hiyo ni sauti ya barabara ya Gambela. Kila mtu hapa ameacha moja nyumbani kwake. Tulisimama pale kama watu wamefika matanga, lakini matanga ya furaha, injini inazunguka, hakuna anayetaka nizime.

Mzee Nakagawa alinipa hadithi ingine, nimekumbuka nikiwa chini ya gari, kwa difu ya nyuma. Mwaka wa hamsini na moja walipanda na babu wa hii gari mlima wao mkubwa, Fuji, mpaka kituo cha sita. Kabla hapo hakuna gari ilifika hapo, ni watu kwa miguu na farasi tu. Jina Land Cruiser ilikuwa bado, ilikuja baadaye. Polisi walikuwa wanaangalia kwa macho yao, na waliporudi chini wakaagiza. Nakagawa alisema watu wengi wanapenda gari kwa sababu inakimbia. Hii watu wanapenda kwa sababu inarudi.

Sista, ile barua yako umeandika Emuron mara nyingi kuliko gari. Mimi sisemi kitu.

Umesema nikae naye, nimekaa naye. Anakula vizuri, na maziwa iko. Mungu akulinde huko Lokitaung.

Majok


Nawoitorong, Lodwar
28 Oktoba 1997

Majok,

Sitaanza na salamu.

Nimerudi kutoka Lokitaung wiki hii. Wekesa amenikuta sokoni, akacheka kama kawaida yake, akaniambia, "Sista, gari lako linafanya kazi kuliko lori langu." Nikamuuliza kazi gani. Akasema kila mtu Kakuma analijua. Jumamosi linabeba mbuzi na magunia ya mahindi. Siku nyingine linabeba mitungi ya maji, linabeba watu, linabeba mabati. Ameliona limejaa watu mpaka wengine wamekaa juu ya paa. Juu ya paa, Majok. Gari langu.

Nilikuachia ulitibu na ulihifadhi. Sikukuachia ufanye biashara. Mwaka mzima niko Lokitaung nalala kwenye kitanda cha kamba, najipa moyo kwamba kuna kitu changu kimoja mahali salama, kumbe kimegeuzwa punda wa soko. Na wewe umeniandikia habari za milima ya Japani kwa maneno matamu, na hukusema. Ningejua ningeacha kuku watage humo mpaka lioze.

Nimejiuliza kama nilikosea kukuamini kwa sababu tu ulijua kusikiliza stata. Nimeumia, na sitakuficha.

Nastaafu mwezi wa kumi na mbili. Nalitaka gari langu hapa kabla ya Novemba kwisha. Wekesa ataliendesha. Lije lilivyo, hata kama umeshalimaliza. Nyumbani nitafika nalo hata likisukumwa.

Jerotich


Kakuma
14 Novemba 1997

Kwa Sista Jerotich,

Nimepata barua yako. Akon aliniuliza kwa nini sili, nikamsomea, na yeye pia hakula.

Gari itakuja. Wekesa amekwama Lokichoggio kwa sababu ya hii mvua, akirudi tu nampa ufunguo. Mimi mwenyewe ningeileta, lakini mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa, na ruhusa ni kungoja.

Nitasema neno langu halafu kalas, nimalize. Baba yangu alikuwa na ng'ombe nyingi. Hakuweka zote nyumbani. Alichukua moja, akapeleka kwa rafiki mbali, na kibuyu cha kukamulia juu. Huyo rafiki anachunga, anatibu, anapigana na simba kwa ajili yake. Maziwa ni yake na watoto wake. Ng'ombe inabaki ya baba. Hakuna mtu anamwambia huyo rafiki umeiba maziwa. Ukiweka ng'ombe kwa mtu, halafu asikamue, ng'ombe anaumwa, na wewe mwenyewe utauliza, huyu rafiki yangu ananidharau? Baba hakumpa mtu wa hivi hivi. Alimpa mtu anayetaka awe ndugu yake.

Wewe ulituma gari na kibuyu kwenye kiti cha mbele. Ukasema kaa nayo mpaka nitume neno. Mimi kwenye hii kambi nilifika bila hata kamba ya ng'ombe. Siku ile nilimwambia Akon, tazama, kuna mtu hapa Kenya ameniona mimi ni mtu wa kuwekewa. Nilikuandikia maziwa iko. Nilifikiri unajua ninasema nini.

Mbuzi na mahindi ya Jumamosi ni kweli, watoto wangu wamekula. Juu ya paa ni kweli pia, siku moja tu, nilikataa wakapanda. Mafuta watu walichanga wenyewe. Oili nilibadilisha kila wakati, na nyuma nimeweka springi mpya. Haijamalizwa. Utaona.

Nimeosha ndani na nje. Vioo nimefunga.

Majok


Nawoitorong, Lodwar
3 Desemba 1997

Ndugu yangu Majok,

Barua yako ilisema unanirudishia gari. Haikusema ndani kuna mtu.

Wekesa amefika juzi mchana, matope mpaka kwenye nyusi, na safari hii hakucheka. Mvua hii ya El Niño imekata barabara kila mahali, malori yamejipanga kwenye laga siku kadhaa, na yeye amepita kati yao na Land Cruiser ya mwaka wa sabini na sita. Nyuma alikuwa amelala msichana Mnuer, Nyaruach, mtoto amekaa vibaya tumboni, na Akon wako amemshika kichwa njia yote. Hospitali ya kambi ilisema aletwe Lodwar, na magari yao yalikuwa yamezuiwa na maji ng'ambo ya mto Tarach. Wewe ulikuwa na gari moja tu la kumpeleka, na hilo gari nilikuwa nimekunyang'anya kwa maneno makali. Ungeweza kuniandikia hivyo. Hukuandika.

Mtoto tumempata kwa upasuaji. Nilikuwa zamu, karibu ya mwisho katika maisha yangu. Wa kike, mzito, amekasirika. Mama yake yuko sawa.

Nikamketisha Wekesa nikampa chai, nikamwambia sasa sema yote. Akaniambia yale ambayo sokoni hakuyasema kwa sababu mbuzi ndio walimchekesha. Kwamba wanawake wa pembezoni kabisa mwa kambi, wakishikwa na uchungu, hutuma mtu kwako na wewe huamka. Kwamba Waturkana wa vijiji vya nje nao hutuma mtu. Kwamba humwulizi mtu kabila. Majok, najua ni Wanuer walioingia Bor mwaka ule ulipofunga vioo na kukimbia. Na najua Nyaruach ni wa upande gani. Nilitoka nje nikalia kwenye kibaraza, na Wekesa akajifanya anaangalia magurudumu.

Desturi ile uliyonieleza si ya Wadinka peke yao. Na sisi Wanandi tunaweka ng'ombe kwa watu. Babu yangu alikuwa nao hadi Tinderet. Nimekaa miaka ishirini na sita kwenye sare nyeupe mpaka nikasahau maana ya kibuyu, mimi niliyekijaza kwa mikono yangu.

Jana nililiendesha mwenyewe. Nilitoka hospitalini nikaenda mpaka daraja la Turkwel, nikarudi. Klachi ni laini, injini haina hata kikohozi. Nilipofika darajani nikazima nikakaa. Nilimpenda Emuron. Hakuna niliyewahi kumwambia, hata yeye mwenyewe, ingawa nadhani alijua, maana alikuwa anasikia mambo kabla hayajatoa sauti. Alikuwa na wake zake na mimi nilikuwa na kazi yangu, na katikati yetu palikuwa na gia. Miaka yote hiyo tulikuwa tukienda kwa wanawake kama Nyaruach. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya gari hili, na ndiyo iliyokuwa kazi yetu.

Nikijipeleka nalo Kabiyet nitafika kwa fahari siku moja. Siku ya pili litaegeshwa nyuma ya ghala la kaka yangu. Huko kuna lami karibu na kuna hospitali karibu, halina wa kumbeba. Nimepigana na moyo wangu usiku na mchana, na sitakudanganya kwamba haukuumia. Nilikuwa nimeshalala mara nyingi nikijiona naingia na gari langu getini.

Wekesa analirudisha kwako, pamoja na Akon. Nimejaza tangi. Safari hii nasema kwa maneno ili tusikosane tena: nimeliweka kwako. Likamue.

Jerotich


Kakuma
11 Desemba 1997

Kwa dada yangu Jerotich,

Gari imefika jana. Akon alishuka akaniambia kila kitu kabla sijasoma barua, na bado nilisoma mara nyingi.

Sina maneno ya Kiswahili ya kutosha kwa hili, na ya Kidinka huwezi kusoma. Nitasema tu kwamba baba yangu angekuja kwa miguu mpaka Lodwar kukusalimia.

Lakini kuna kitu inanisumbua. Wewe uliniandikia barua ya kwanza unataka nini katika dunia. Sasa utafikaje nyumbani? Huyo kaka yako atasema nini?

Majok


Kabiyet, Nandi
22 Februari 1998

Ndugu yangu Majok,

Nimefika kwa basi. Barabara ya Kitale imeoshwa na mvua, tulilala njiani, na nimeshuka hapa na masanduku yangu, sketi ina matope, wigi limegeuka. Yaani vilevile nilivyoogopa, na zaidi kidogo.

Watu walikuwa wamekusanyika kwa kaka yangu, wengine nimewasahau, wengine hawajawahi kuniona. Chai ikamiminwa. Kaka yangu ana sauti ya mkutano hata akiomba chumvi. Akatazama masanduku, akatazama barabara, akasema mbele ya wote, "Na lile gari ulilokuwa ukituandikia, dada, limekwama wapi? Au lilikuwa la kwenye barua?" Wachache wakacheka. Jibu refu nililoliandaa njiani nikaliacha.

Nikasema, "Nimeliweka kwa mtu, Kakuma."

Mama alikuwa pembeni akichambua maharagwe. Haoni vizuri siku hizi na hana subira na mtu yeyote, na nilidhani hata hasikilizi. Mikono yake ikasimama.

"Umeliuza au umeliweka?"

"Nimeliweka, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa Mdinka mmoja. Anaitwa Majok."

"Ana watoto?"

"Anao."

"Wanakunywa?"

"Wanakunywa. Na majirani wanakunywa."

Wazee waliokuwa pale wakaacha vikombe. Unajua jinsi watu wanavyokutazama wanapoanza kukuhesabu upya. Hapa kwetu zamani tajiri hakujulikana kwa ng'ombe walio zizini kwake, maana hao kila mtu aliwaona. Alijulikana kwa wale walio kwa watu, mbali, ambao hakuna angeweza kusema ni wangapi. Mimi nilikuwa nimelisahau hilo kabisa, Majok. Mama hakulisahau. Akageuza uso upande ilipotoka sauti ya kaka yangu akamwambia, "Huyu ana kitu kwa watu hadi mpaka wa Sudani. Wewe, hebu tuambie, umeweka nini, na kwa nani?"

Kaka yangu aliweka kikombe chini. Halafu akainama, akabeba masanduku yangu mwenyewe, akayapeleka nyumbani kwa mama.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa majani chai akanisogelea akaniuliza ni la aina gani. Nilipomwambia akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema yeye aliliendesha la namna hiyo Nandi Hills, na hajapata lingine. Tukazungumza mpaka chai ikapoa. Nikamweleza habari za yule mama aliyeumwa mgongo.

Msalimie Akon, na Nyaruach na mtoto wake ukiwaona. Niandikie gari linaendeleaje, na usiniandikie kwa ufupi. Mama ananiuliza kila jioni, na siwezi kumpa jibu lile lile kila siku.

Dada yako,
Jerotich